Mwenzako Akinyolewa, Wewe Tia Maji

Sabuni na krimu za bei rahisi za kunyolea ndevu, na jinsi mtu wa Kitui awezavyo kuzijaribu mwenyewe

Methali hii huijua kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Husemwa pale mtu anapoonywa ajiweke tayari kwa jambo lililompata jirani yake. Lakini ni wachache wanaoyafikiri maneno yenyewe kama yalivyo. Wazee walioitunga waliitazama kazi ya kinyozi, nao waliona jambo ambalo wataalamu wa ngozi hulifundisha mpaka leo, kwamba nywele kavu hazinyoleki vizuri. Anayengoja zamu yake hutangulia kuzilowesha, na wembe ukifika kwake haumuumizi. Makala hii yahusu maji hayo, na sabuni au krimu inayotiwa pamoja nayo, na fedha ambazo mtu hutoa mfukoni kuinunua.

Katika miji ya Kitui, Mwingi, Mutomo na Wote, na hata katika vituo vidogo vya biashara, huuzwa vitu vya kunyolea vya namna nyingi. Ziko krimu za tyubu, yako makopo yanayotoa povu, na uko unga unaochanganywa na maji. Mnunuzi husimama mbele ya meza ya duka la dawa asijue achague kipi. Mmoja huchukua kilicho ghali kuliko vyote, akidhani kwamba bei ndiyo dawa. Mwingine huchukua kilicho rahisi kuliko vyote, na akitokwa na vipele huapa kwamba krimu zote ni udanganyifu. Wote wawili wamepotea njia, kwa maana bei ya kitu haikuandikwa kwa kupimwa na ngozi ya mnunuzi.

Mfano ni huu. Kijana wa upande wa Ikutha ameitwa Kitui kuhojiwa kwa kazi ya ukarani. Gari laondoka alfajiri, naye amechelewa kuamka. Achota maji ya kisima cha chumvi, apaka sabuni ya kufulia, na kuchukua wembe uliokwisha kufumua nguo na kuchonga penseli. Anyoa kwa haraka, kwanza kwenda chini, kisha kurudi juu ili kidevu kiwe laini kabisa. Afika mbele ya wakubwa akiwa na damu kwenye ukosi wa shati. Siku ya tatu shingo yake imejaa vipele, na juma la pili anapewa na rafiki yake dawa ya kupaka ambayo haikuandikwa na daktari yeyote. Huu ni mfano tu, wala si habari ya mtu fulani, lakini wasomaji wengi wataona kama wanajitazama katika kioo.

VIPELE HUTOKA WAPI

Watu wengi husema kwamba vipele vya kidevuni vyaletwa na uchafu, au na krimu mbaya. Mara nyingine ni kweli, lakini kwa Waafrika wengi sababu yenyewe ni umbo la unywele. Unywele wetu hujikunja. Wembe ukiukata chini sana, ncha yake hubaki kali kama mkuki, nao unapoota tena hujipinda na kuichoma ngozi, ama kutoka nje, ama ukiwa bado ndani. Mwili huuona unywele huo kama mwiba, ukauzungushia uvimbe. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Strauss na Kligman, waliueleza ugonjwa huu na kuupa jina la kitaalamu, lakini wanaume weusi walikuwa wakiujua kwa maumivu tangu zamani.

Kwa hiyo yafaa mtu ajue kwamba hakuna krimu, iwe ya shilingi chache au nyingi, inayoweza kuunyoosha unywele uliojikunja. Kazi ya krimu ni tatu tu. Ya kwanza ni kuyashika maji yasikauke usoni kabla ya wembe kupita. Ya pili ni kuutelezesha wembe. Ya tatu ni kumwonyesha mtu mahali alipokwisha kunyoa na mahali palipobaki. Krimu ya bei rahisi ifanyayo kazi hizo tatu bila kuiunguza ngozi imetimiza wajibu wake. Manukato, rangi na picha nzuri kwenye kopo ni nyongeza ambayo mnunuzi huilipia.

MASHINE, KRIMU NA BRASHI

Kunyoa hakukuletwa na meli. Wahunzi wa Kikamba, waliosifika kwa mikufu yao na ncha za mishale, walifua pia nyembe za chuma. Kilichokuwa kipya ni desturi ya kunyoa ndevu kila asubuhi. Desturi hiyo ilienea pamoja na shule za misheni, ofisi na jeshi. Wakamba wengi waliingia katika King's African Rifles, na katika jeshi la Uingereza askari hakuruhusiwa kufuga ndevu ila kwa sababu maalumu. Jeshi hilo lililegeza amri hiyo Machi 2024, likakubali ndevu zilizotunzwa vizuri.

Mashine ya kunyolea yenye wembe mwembamba wa kutupwa ilitoka Marekani. King Camp Gillette alianzisha kampuni yake mwaka 1901. Mwaka 1903 aliuza mashine 51 tu na nyembe 168, lakini katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani iliwapa askari wake mashine hizo kwa mamilioni, na waliporudi makwao hawakuiacha desturi waliyoizoea. Mara baada ya vita hiyo, Frank Shields wa Marekani alitengeneza Barbasol, krimu isiyohitaji brashi wala povu. Kopo linalotoa povu lenyewe lilifuata miaka ipatayo thelathini baadaye.

Liko fundisho moja la vita hiyo ambalo wafugaji wa Kitui watalielewa upesi kuliko watu wengi. Brashi nzuri za kunyolea zilipoadimika, wenye viwanda walitumia manyoya ya farasi yaliyoagizwa kutoka mbali, na baadhi yake hayakusafishwa ipasavyo. Manyoya hayo yalikuwa na vijidudu vya kimeta, ugonjwa ule ule uuao ng'ombe na mbuzi. Askari na raia wa Uingereza na Marekani waliambukizwa kwa kujipaka povu tu usoni, na wengine wakafa. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingizwa kwa brashi za kunyolea kutoka Japani. Brashi zile hazikuua kwa sababu ya bei yake. Ziliua kwa sababu hakuna aliyekagua zimetengenezwa kwa nini na zimesafishwa namna gani.

Kwa sababu hiyo mnunuzi wa leo na aangalie kwanza alama ya Shirika la Viwango la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Aangalie pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama viungo vimeandikwa. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji liachwe dukani, hata kama bei yake yavutia namna gani.

MAJI NDIYO MWANZO

Katika nchi yenye mito isiyokauka, mtu aweza kuzungumza juu ya krimu peke yake. Katika Kitui na Makueni haiwezekani. Mvua za huku huja mara mbili kwa mwaka, na zile za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima. Kati ya mvua na mvua, mito mingi huwa mchanga mtupu, na watu huchimba katika mchanga huo ili kupata maji. Miji ya Kitui na Mwingi hupata maji ya mabomba yatokayo mto Tana, lakini vijijini mengi huletwa kwa mgongo wa punda au wa mwanamke. Punda mmoja huchukua mitungi minne ya lita 20, na safari yake yaweza kula nusu ya siku.

Maji hayo si ya namna moja. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati ni laini, na sabuni hutoa povu ndani yake mara moja. Maji yaliyochujwa na mchanga wa mto, na yale ya mabwawa ya mchanga ambayo yamejengwa kwa mamia katika Kitui tangu miaka ya 1990, mara nyingi hufaa pia. Lakini visima virefu vingi vya upande wa kusini, kama vile vya Mutomo na Ikutha, hutoa maji ya chumvi, nayo yana madini mengi. Madini hayo yakikutana na sabuni huungana nayo, yakafanya utando mweupe usiotoa povu. Mtu huongeza sabuni, na utando huongezeka. Kisha huilaumu sabuni, kumbe ni maji.

Kila mtu aweza kuyapima maji yake bila chombo cha maabara. Achukue chupa safi yenye kifuniko, aijaze maji hadi nusu, atie vipande vichache vya sabuni ya mche vilivyokwanguliwa kwa kisu, kisha aitikise kwa nusu dakika. Povu likisimama juu na maji ya chini yakabaki karibu safi, maji hayo ni laini. Maji yakiwa kama maziwa yaliyoganda, na povu likafa mara moja, maji hayo ni magumu. Jaribio hilo lifanywe kwa sabuni ya kawaida, si kwa sabuni ya unga ya kufulia, kwa sababu unga huo umetengenezwa kwa namna nyingine na hutoa povu hata katika maji magumu.

Mwenye maji magumu anazo njia tatu. Ya kwanza ni kuweka akiba ya maji ya mvua au ya mchanga kwa ajili ya uso peke yake, kwani kunyoa kwahitaji kikombe kimoja tu. Ya pili ni kuyachemsha maji na kuyaacha yatulie, ambayo huondoa sehemu ya madini, ndiyo ile chokaa nyeupe inayoonekana ndani ya birika. Njia hii haiondoi chumvi. Ya tatu ni kutumia krimu isiyohitaji povu, na hapa ndipo uchaguzi wa krimu unapokuwa na maana.

AINA ZILIZOPO DUKANI

Sabuni ya mche au ya kuogea. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na wengi hawajui nyingine. Yafaa wakati wa shida, lakini povu lake hukauka upesi, na sabuni ya kufulia huondoa mafuta ya ngozi, ukabaki uso unaovuta na kuwasha. Mwenye kuitumia achague ya kuogea, apake mara mbili, na asiache povu likauke kabla ya kunyoa.

Krimu ya tyubu yenye povu. Hii ni sabuni iliyotengenezwa iwe laini, ikatiwa glisirini inayoyashika maji. Kidogo tu chatosha, nayo yaweza kusuguliwa kwa vidole au kwa brashi. Katika maji laini ndiyo inayompa mtu faida kubwa kwa fedha ndogo. Katika maji magumu hupoteza nguvu kama sabuni nyingine.

Krimu isiyohitaji povu. Hii hufanana na mafuta ya kupaka, nayo hupakwa juu ya ndevu zilizokwisha kulowa. Kwa kuwa haitegemei povu, haijali sana kama maji ni magumu, na maji yanayotakiwa ni machache. Kosa lake ni kwamba huziba mashine, na wembe sharti usuuzwe mara kwa mara katika kikombe. Kwa mtu wa visima vya chumvi, hii ndiyo inayostahili kujaribiwa kwanza.

Povu la kopo. Ni jepesi na la haraka, lakini sehemu kubwa ya kinachotoka ni hewa, na mkono wa mtu mara nyingi hubonyeza kupita kiasi. Tena gesi inayolisukuma povu hilo mara nyingi ni ya namna inayoshika moto. Kopo lisiwekwe karibu na jiko, wala lisiachwe juani ndani ya gari, wala lisitupwe katika moto wa takataka hata likiwa tupu, kwani laweza kupasuka na kumjeruhi mtoto.

Unga wa kunyolea. Huu hauhitaji wembe. Huchanganywa na maji ukawa kama uji mzito, ukapakwa, ukaachwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, kisha ukakwanguliwa kwa kitu butu pamoja na ndevu zilizoyeyuka. Kwa kuwa hauachi ncha kali, huwasaidia wengine wenye vipele. Lakini dawa iyeyushayo unywele yaweza kuunguza ngozi pia, na harufu yake ni kama ya yai viza. Ujaribiwe kwanza mkononi, mahali padogo, na mtu angoje siku moja au mbili. Usipakwe juu ya kidonda, usiachwe kupita dakika zake, wala usitumiwe siku mbili mfululizo. Ukiingia machoni, yaoshwe mara moja kwa maji mengi, na mtu aende hospitali.

JARIBIO LA NUSU USO

Mkulima mwenye busara hapandi shamba zima kwa mbegu asiyoijua. Katika miaka ya 1960 kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na Machakos, kilipotoa mahindi yanayokomaa upesi kwa ajili ya nchi kavu, mkulima mwangalifu aliweza kuyapanda katika kipande kimoja, na mbegu yake ya zamani katika kipande cha pili, akavuna na kulinganisha. Mvua ni moja, udongo ni mmoja, tofauti ni mbegu. Uso wa mtu nao una vipande viwili.

Anayetaka kuijua krimu mpya na apake sabuni yake ya kawaida shavu la kushoto na krimu mpya shavu la kulia. Atumie maji yale yale, na wembe ule ule, tena uwe mpya. Siku moja aanze kunyoa upande wa kushoto, siku ya pili aanze upande wa kulia, ili upande mmoja usipate makali yote ya wembe. Afanye hivyo kwa majuma mawili. Siku moja haitoshi, kwa sababu vipele havionekani siku ile ile ya kunyoa.

Katika daftari aandike mambo manne: mara ngapi alijikata, kama ngozi iliwasha baada ya kukauka, vipele vingapi vilionekana siku ya tatu, kila upande, na maji kiasi gani yalitumika. Akiona uwekundu mkubwa, uvimbe au malengelenge, aiache krimu hiyo mara moja. Majuma mawili yakiisha, daftari litamwambia ukweli kuliko tangazo lolote, nalo litamwambia habari za ngozi yake mwenyewe, si za ngozi ya mtu wa kwenye picha.

HESABU YA FEDHA

Mali bila daftari huisha bila habari. Bei iliyoandikwa kwenye tyubu si gharama ya kunyoa. Gharama yenyewe hupatikana kwa kugawanya bei kwa idadi ya siku ambazo tyubu imedumu. Ikiwa tyubu ina gramu 100, na mtu hutumia gramu 1 kila anyoapo, itamtosha mara 100. Jirani yake atumiaye gramu 3 ataimaliza kwa mara 33 tu, na hatakuwa na ndevu laini kuliko yeye. Vivyo hivyo, krimu yenye bei mara mbili, ikiwa hutumika theluthi moja, ni rahisi kuliko ile iliyoitwa rahisi. Yafaa mtu aandike tarehe juu ya tyubu siku anapoifungua.

Katika hesabu hiyo wembe usisahauliwe. Wako watu wanaonunua krimu ya fahari kisha wakanyoa mwezi mzima kwa wembe mmoja. Wembe uliochoka hauukati unywele, bali huuvuta, na ngozi hukatwa pamoja nao. Fedha zilizookolewa kwa kununua krimu ya bei rahisi na zinunue wembe mpya. Mwenye krimu ndogo na wembe mpya atatoka salama kuliko mwenye krimu kubwa na wembe mzee.

NAMNA YA KUNYOA KWA KIKOMBE KIMOJA

Wakati mzuri ni mara baada ya kuoga, kwa sababu ndevu zimekwisha kunywa maji. Asiyeoga wakati huo na aloweshe kitambaa safi kwa maji ya moto kiasi, akiweke juu ya ndevu kwa dakika tatu. Apake krimu, aiache dakika moja au mbili, ndipo aanze. Wembe ufuate njia ambayo unywele umeota, usirudi nyuma kinyume chake. Ngozi isivutwe, na mkono usikandamize. Mahali palipokwisha kunyolewa pasirudiwe. Yule atakaye kidevu kama yai ndiye atakayepata vipele, kwani unywele uliokatwa chini ya ngozi huotea ndani.

Nusu ya kikombe yatosha kulowesha, na nusu iliyobaki ni ya kusuuza wembe. Anayenyoa huku mfereji ukitiririka humwaga bure maji ambayo nyumba nyingine imeyafuata kwa miguu. Mwishoni apanguse uso kwa maji baridi. Akijikata kidogo, shabu iliyoloweshwa husimamisha damu. Mafuta kidogo yasiyo na manukato makali yatatosha kuilinda ngozi.

MAMBO YA KUKATAZWA

Wembe hauazimwi. Tangu ugonjwa wa Ukimwi ulipotambuliwa katika Kenya mwaka 1984, jambo hili limesemwa mara nyingi, lakini katika nyumba nyingi bado uko wembe mmoja wa baba, wana na wageni. Ugonjwa wa ini uitwao hepataitisi B nao huenezwa na damu, na kirusi chake chaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kwa hiyo damu iliyokauka juu ya wembe si damu iliyokufa. Anayekwenda kwa kinyozi ana haki ya kuomba wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yake, wala si utovu wa adabu.

Jambo la pili ni dawa zenye steroidi, ambazo baadhi ya watu huzinunua bila ushauri ili kuondoa vipele au kuing'arisha ngozi. Uvimbe hushuka upesi, na mtu hudhani amepona. Lakini zikitumiwa muda mrefu hupunguza unene wa ngozi, na uso huweza kutokwa na chunusi na alama zisizofutika. Dawa hizo ni za daktari kuamua. Wala vipele visipasuliwe kwa pini au kwa kucha.

Ikiwa vipele vinaendelea, au vimetoa usaha, au vimeacha makovu, mtu aache kunyoa kwa majuma kadhaa na kwenda kwenye zahanati. Dawa iliyo hakika kuliko zote haiuzwi dukani, nayo ni kuziacha ndevu ziote. Ambaye kazi yake haimruhusu na azipunguze kwa mashine ya umeme inayobakiza unywele wa kiasi cha milimita moja. Ndevu fupi zilizopangwa vizuri si uchafu, na mwajiri mwenye akili atalielewa jambo hilo akielezwa.

Arudi sasa yule kijana wa Ikutha. Kama angalijua, angalikinga chupa moja ya maji ya mvua na kuitunza. Angalinyoa jioni, baada ya kuoga, badala ya alfajiri akiwa na haraka. Angalinunua tyubu ndogo ya krimu isiyohitaji povu majuma mawili kabla, akaijaribu kwa nusu uso, na fedha zilizobaki angalinunua wembe wake mwenyewe. Kazi angalipata au angalikosa, hilo liko kwa waliomhoji. Lakini ukosi wa shati lake ungalikuwa mweupe, naye angalijibu maswali bila kuificha shingo yake kwa mkono.